Yago la Javan

Perez alitoka zamu ya hospitali akiwa amechoka hadi kope zinauma. Angeenda moja kwa moja kwake Langas akalale, lakini kesho ilikuwa safari ya kwao Siaya, na lazima apite mtaa wa Pioneer kwanza, kwenye chumba cha kaka yake Javan, achukue shati lake. Shati lolote, wazee walisema, ila bora liwe alilolivaa sana. Yago halizikwi uchi.

Kwao, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la yago mahali pake. Ni tunda refu, zito, gumu kama gogo. Linavishwa, linalazwa kaburini, watu wanalia, halafu wanapumzika. Hilo la kupumzika ndilo Perez alilolitaka, na ni yeye aliyewasukuma wazee. Javan alikuwa amepotea tangu mvua za mwaka jana, na kila jioni Mama yao alisimama mlangoni akiita, "Javan! Javan, rudi!" Mama hakuwa analala tena. Majirani walikuwa wameanza kumkwepa.

Mzee Kipkirui, mlinzi wa ploti, alimpa ufunguo wa kufuli huku anaangalia pembeni.

"Dada, chukua haraka utoke," alisema. "Hiyo nyumba jioni ata mimi siingii."

"Kuna nini, Mzee?"

"Inanuka mvua. Ata kukiwa kukavu."

Ndani, komeo bado lilining'inia pale walipolivunja. Javan alikuwa amejifungia kwa ndani. Vyuma vya dirisha vilikuwa vizima. Polisi waliandika kwamba ametoroka. Ametorokea wapi, hawakuandika. Polisi nao!

Kwenye meza kompyuta yake ilikuwa imejaa vumbi. Javan alikuwa akitengeneza gemu. Si ya mpira wala ya bunduki. Ndani yake kulikuwa na mtaa mdogo, na watu wadogo waliopika, waliolala na kugombana wenyewe bila kuchezeshwa na mtu. Ila mtaa huo ulikuwa na upande mmoja zaidi ya pande zetu. Si juu, si chini, si mbele wala kushoto. Perez alipomwambia haelewi, Javan alichora mdudu kwenye karatasi, akamzungushia mstari.

"Huyu anadhani amefungiwa," alisema. "Hajui kuna juu. Mimi namgusa tumbo bila kufungua mlango."

"Na sisi je?"

"Sisi pia tumechorwa tu, Perez. Kuna upande unatuona hivyo."

Tangu hapo akawa anakaa gizani amefumba macho, anajizoeza kuuona upande huo. Mara ya mwisho alimpigia simu akinong'ona, "Nimeuona." Perez alikuwa na wodi nzima ya wagonjwa. Alimwambia alale, akakata simu.

Perez alilitoa shati nyuma ya mlango. Kisha akakaa kwenye godoro. Njaa ilimuuma. Alitoa moja ya ndizi mbivu alizonunua njiani... Ilikuwa nyepesi. Akaimenya.

Ndani hamkuwa na kitu.

Ganda lilikuwa zima, halina hata tundu la sindano. Akachukua ya pili. Nayo hewa tupu. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka mvua.

"Perez..."

Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani ya kifua chake, kama mtu amesimama kati ya mbavu na moyo.

"Javan?"

"Pole. Nilikuwa na njaa."

Akalia. Alilia kwa furaha na kwa woga, asijue kipi kilitangulia.

"Uko wapi?" alinong'ona.

"Hapa hapa. Nakuona nje na ndani, nakuona venye umechoka. Lakini huku pande ni nyingi na kurudi sijui. Mama akiniita jioni, ndio najua nyumbani ni wapi. Naifuata hiyo sauti. Nimekaribia, Perez. Mwambie asiache."

Jamani! Kwao, aliyezikwa haitwi tena. Yago likishafunikwa, Mama atanyamaza milele.

"Na uharakishe," sauti ikasema. "Siko peke yangu huku."

Perez alimpigia Mama simu. Mama aliitika kwa sauti laini, sauti ya mtu aliyepata usingizi.

"Mama, kesho msizike yago!"

"Tumeshazika, nyathina, mwanangu. Mvua ilikuwa inakuja, wazee wakasema tusingoje. Tumetumia shati yake ya shule. Ata mimi leo nimelala kidogo. Na wewe pumzika, binti yangu."

"Toka nje umuite! Sasa hivi, Mama, tafadhali!"



"Perez. Mtu amezikwa. Haitwi."

Harufu ya mvua ilififia. Alimwita Javan mpaka Mzee Kipkirui akaja na tochi kumtoa.

Tangu siku hiyo Perez akawa anaita yeye. Kila jioni alisimama kwenye mlango wake Langas, bado na sare za kazi, akiita kaka yake. Jirani yake Rael alidhani kichwa kimemruka, maskini. Hakuna kilichojibu. Labda Javan hakuijua njia ya sauti hiyo. Na kuita kila siku, mtu akiwa amechoka hivyo, si mchezo.

Jioni moja alirudi kutoka zamu mbili mfululizo, akafunga komeo, akabandika maji ya ugali, akakaa kitandani na viatu miguuni. Hakuita. Hakuweza tu.

Akaitwa yeye.

"Perez..."

Na kwa mara ya kwanza aliujua upande sauti ilikotokea. Si juu. Si chini. Ulikuwa karibu, ulikuwa hapo siku zote. Alijua haifai kuitikia. Lakini alikuwa amechoka, na upande ule ulionekana hauna zamu.

Rael alimsikia kupitia ukuta wa mabati akisema polepole, "Nakuja." Baadaye akasikia harufu ya sufuria inayoungua. Walipovunja mlango, komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Viatu vya Perez vilikuwa sakafuni kando ya kitanda, kamba bado zimefungwa.

Wazee walileta yago la pili. Mama alilipasua kwa jembe mbele yao, akawafukuza bomani. Kisha akaenda kaburini kwa Javan, akalifukua na lile la kwanza kwa mikono yake. Sasa kila jioni anasimama mlangoni, amezeeka, sauti imekauka, anaita majina mawili. Majirani wanasema siku hizi anaitikiwa.

Anaita wawili. Wanaoitika ni watatu.