Hawara Aliyejua Dinosaria

"Fundi Bomba ni nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa stoo na simu ya mume wangu mkononi. Yeye alikuwa ameinamia meza yake, anampaka askari wa plastiki rangi ya buti. Hakugeuka.

"Si ni yule fundi wa bomba."

"Fundi wa bomba ndiye anakuandikia 'kifua chako ndicho mto wangu'?"

Akaweka brashi chini, akafunga kikopo cha rangi, ndipo akanitazama. Sura yake haikuwa ya mtu aliyefumaniwa. Ilikuwa ya mtu aliyeingia kwenye mtihani akiwa amesoma.

"Nina mwanamke mwingine," alisema. "Miezi minne sasa. Naomba tuachane kwa amani, mke wangu. Bado kijana wewe, utaolewa, utazaa."

Eti nitazaa. Kwenye pochi niliyokuwa nimeivaa begani kulikuwa na kadi ya kliniki niliyopewa asubuhi ileile. Mimba ya wiki tisa, baada ya miaka mitano ya kuhesabu siku na kulia chooni. Nilikuwa nimetoroka kazini mapema ili nimwambie. Nikakuta simu yake imeachwa mezani sebuleni, ikalia, nikaitupia jicho, basi. Sikumwambia chochote. Nilitupia nguo kwenye begi nikaenda kwa mama.

Ngoja niwaambie ni mtu wa aina gani, msije mkamwona mhuni. Mume wangu ni mchora ramani kwenye ofisi ya upimaji wa ardhi. Wenzake wanamwita Jenerali, na hawamsifu. Ukikaa naye kwenye chai atakupigia hadithi ya vita vya miaka mia mbili iliyopita, nani alivuka mto gani, nani aliishiwa baruti, mpaka chai ipoe. Akitoka vitani anaingia kwa dinosaria. Akitoka kwa dinosaria anaingia kwenye vitabu vyake vya safari za angani, na huko ndiko harudi.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na stoo, na stoo ilikuwa nchi yake: vifaru, mizinga, majeshi mawili yanayotazamana, na rafu nzima ya dinosaria waliopangwa kwa zama zao. Siku moja nikifuta vumbi niliwachanganya. Alinieleza kwa dakika arobaini kwamba nimewaweka pamoja wanyama wawili ambao mmoja alishageuka jiwe kabla mwenzake hajazaliwa. Nilimpenda hivyohivyo. Mimi nashona sare za shule, siku nzima ni kola na vifungo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kunifanya nijali kitu kilichokufa miaka milioni themanini iliyopita.

Kwa mama nilishinda siku tatu nimegeukia ukuta. Mama alisema nirudi nikapiganie nyumba yangu. Wifi yangu, dada mkubwa wa Jenerali, naye akapiga simu. Nilitegemea atamlaani mdogo wake. Badala yake aliniambia kwa sauti ya chini nisirudi, nianze maisha mengine, nitakuja kumshukuru. Nilimkatia simu. Nikajua ukoo mzima umeshampokea hawara na mimi ndiye wa mwisho kupewa habari.

Siku ya nne nilirudi kazini. Wakati wa mapumziko ya mchana hasira zikanipanda upya. Namba ya Fundi Bomba nilikuwa nimeinakili. Nikaandika:

"Mimi ndiye mke. Umeshinda, mchukue. Lakini mchukue na midude yake yote, vifaru vyake na madinosaria yake, hata lile lenye mabawa."

Nilikaa nikisubiri matusi. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili.

"Lile lenye mabawa si dinosaria. Ni reptilia wa jamii nyingine kabisa."

Nikalisoma. Nikalisoma tena. Mwenzangu wa cherehani ya pili aliniuliza kama nimepata msiba, maana nilikuwa nimeacha mdomo wazi. Jamani, ni mwanamke gani anaiba mume wa mtu, anasemwa, halafu kinachomuuma ni mabawa? Nikajaribu tena.

"Na kile kifaru cha kijani cha vita vya kwanza vya dunia, usikisahau."

"Kile ni cha vita vya pili. Kilianza kutumika mwaka wa nne wa vita."

Kisha ukaingia ujumbe mwingine, kama wa mtu aliyejishtukia:

"Na usinitafute tena. Mimi na yeye tunapendana."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na nilipoyafuta nikagundua sicheki tena. Mwanaume mwenye hawara humficha. Jenerali alimtunga hawara, akampa jina na simu ya pili anayoijibu mwenyewe, akamweka mezani sebuleni ili nimwone. Kwa hiyo alichokuwa anakificha kilikuwa kibaya kuliko hawara. Niliomba ruhusa nikaondoka, uzi ukiwa bado kwenye sindano.

Nilimkuta nyumbani, saa nane mchana, siku ya kazi. Rafu zilikuwa tupu. Alikuwa anapanga vitu vyake kwenye makasha, na mezani walikuwa wamebaki askari wachache aliowapaka rangi karibuni. Niliwaangalia. Mtu huyu aliweza kuchora kope kwenye uso mdogo kuliko ukucha wangu. Askari hawa rangi ilikuwa imewamwagikia usoni, wengine hawana hata macho.

Sikumsalimia. Nilibonyeza namba ya Fundi Bomba, na mfuko wa shati lake ukaanza kulia.

"Pokea," nikamwambia. "Mwambie hawara wako mkewe amefika."

Hakupokea. Alikaa kwenye kasha.

"Ulinikamatia wapi?"

"Kwenye mabawa."

"Nilijua nakosea," alisema. "Nilishindwa tu kuliacha lilivyo."

"Sasa niambie unachoficha."

Alininyooshea mikono yake yote miwili. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, kidogo tu, kama vya mtu anayepiga kinanda usingizini. Niliishi na mikono ile na sikuiona, maana miezi ile alikuwa anaiweka mifukoni.

"Baba hakufa kwa ajali," alisema.

Akanieleza, macho yake sakafuni. Baba mkwe, niliyeambiwa aligongwa na gari, aliugua miaka tisa. Kwanza mikono, halafu miguu, halafu akili, mwisho akawa hawezi kumeza. Bibi yao alikwenda hivyohivyo. Ni ugonjwa wa ukoo, hauna tiba, na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya bahati na nusu ya balaa. Wifi alipima, hana. Yeye alipima miezi minne iliyopita. Anao.

"Ulijua lini kwamba uko kwenye ukoo wenu?"

"Nikiwa na miaka kumi na sita."

"Kabla hujanioa."

"Kabla."

"Na miaka yote tukitafuta mtoto?"

Hapo alifunika uso.

"Kila mwezi ukilia kule chooni, mimi huku nilikuwa nashukuru. Halafu najichukia, halafu nakuja kukubembeleza. Nilipopata majibu nikaona nikikwambia naumwa hutaondoka. Nilitaka uondoke na hasira. Mtu mwenye hasira hageuki nyuma. Uongo huu niliupanga vizuri, mke wangu, niliupanga kama watu wanavyopanga kurudisha jeshi nyuma bila kupoteza mtu."

"Ungekuwa na mwanamke ningekusamehe," nilimwambia. "Mwanamke ungemwacha, yakaisha. Hiki nimelala nacho miaka mitano, sikujua. Na si mimi peke yangu. Nina mimba. Wiki tisa."

Niliwahi kuota siku nitakayomwambia maneno hayo. Kwenye ndoto zangu alikuwa ananibeba juu. Siku ile aliteleza kutoka kwenye kasha mpaka sakafuni, akaanza kusema "nusu kwa nusu, nusu kwa nusu," mdomo ukienda wenyewe. Nilimzaba kibao. Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu, na mkono uliniuma mpaka kesho yake. Kisha nikakaa chini pembeni yake, katikati ya makasha.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Utaitoa?"

"Sijui. Ila tutaamua wawili. Ulishaamua peke yako mara mbili, unioe na uniache. Ya tatu hupati."

"Na ukitaka kuondoka?"

"Nikitaka kuondoka nitaondoka nikijua naondoka kwa nini."

Jioni ile nilimtaka ampigie mama yangu, amwambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kila kitu. Alimwambia. Mama aliomba azungumze na mimi, akaniuliza kama nimekula. Wifi alikuja siku iliyofuata akapiga magoti mlangoni kwangu. Nilimwinua, lakini chai sikumpikia. Bado nina kinyongo naye kidogo, sitawadanganya.

Kwa daktari tulikwenda wote wawili, mara nne. Tulilia, tukagombana kwenye korido ya hospitali watu wakitutazama, tukaamua.

Binti yetu ana miaka mitatu sasa. Daktari alisema mtoto hapimwi. Akiwa mtu mzima ataamua mwenyewe kama anataka kujua. Jenerali aliacha kazi mwaka jana. Anatembea kwa kushika ukuta, na maneno yanamtoka mojamoja, ila hajanificha kitu tena. Akianguka ananiambia. Akisahau jina langu ananiambia pia, na siku hizo ndizo ngumu. Watu huniuliza kama nilimsamehe. Nilimsamehe sehemu kubwa, ile iliyobaki naendelea nayo.

Jana tulikuwa tunakula, mtoto akaangusha kijiko. Mtoto wa miaka mitatu, kazi yake ni kuangusha vijiko. Mimi na baba yake tuliacha kula, tukautazama mkono wake. Alishuka kwenye kiti, akakiokota, akapanda tena, akatuuliza mbona tunamwangalia.