Njuga za Masele

Mume wangu Masele hucheza ngoma katika kundi la Bagika. Akipiga mguu chini, njuga zake zinasikika mpaka kisimani. Mimi, Generosa, ndiye ninayeipaka mafuta mikanda ya njuga hizo. Ndiyo maana niliona mapema kwamba mambo yamekwenda kombo.

Mwaka ule alirudi kutoka migodi ya dhahabu ya Geita, alikokaa miaka miwili. Mtama tulikuwa tumeshavuna, na zilibaki wiki nane tushindane na Bagalu, kundi pinzani letu. Masele akakaa uwani kuvaa njuga. Mkanda haukufika tundu lake la zamani. Akavuta, akatoka jasho. Wapi!

"Mama Esta, mkanda umesinyaa."

"Mkanda mzima, Baba Esta. Miguu ndiyo imevimba."

Vifundo havikuonekana tena. Akicheza kidogo tu, anahema. Nilimcheka, lakini moyoni niliogopa sana. Baba yangu mdogo alivimba vivyo hivyo, tukamzika kabla ya mvua.

Masele alimkasirikia Thobias, kiongozi wa Bagalu. Walichimba shimo moja kule Geita.

"Ameniroga huyu! Anajua nikicheza hashindi."

Mganga akamchanja chale. Miguu ikazidi kuvimba. Uvumilivu ukanishinda.

"Kesho tunakwenda kwa dresa," nikamwambia. "Ukikataa, njuga hizi nawafunga mbuzi."

Dresa wa zahanati yetu alikuwa Bwana Valerian. Alibonyeza mguu wa Masele kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Akavuta kope ya chini. Ndani palikuwa peupe.

"Kuvimba miguu ni dalili," akasema. "Sababu ni nyingi. Moyo ukiwa mgonjwa, miguu huvimba. Figo pia. Na mjamzito akivimba uso na mikono, au kichwa kikimuuma sana, aletwe upesi, asingoje. Wewe damu yako imepungua. Nani ameinywa?"

"Thobias!" akajibu Masele.

"Thobias gani? Hebu nipime choo chako kwanza."

Akaangalia kwa hadubini, akarudi.

"Ni safura. Minyoo imo tumboni inakunyonya damu. Mayai yake hutoka na choo. Kwenye udongo wenye majimaji huanguliwa, na vijidudu hupenya ngozi ya mguu. Kule shimoni mlijisaidia wapi?"

Masele akatazama dari. "Humohumo, pembeni."

"Na viatu?"

"Ah, bwana, nani avae viatu shimoni!"

"Na nyumbani mna choo?"

Nikajibu mimi: "Tuna pori."

Valerian akacheka. "Baba Esta, umechimba dhahabu ya watu miaka miwili. Shimo moja la kwako limekushinda?"

Alimpa dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu. Akamwambia ale maharage, mboga za majani, na maini yakipatikana. Kila wiki arudi kupimwa.

Masele alipopata nguvu kidogo, alichimba choo. Alichimba kwa hasira, kina kirefu, mpaka nikawa naona kofia tu. Kisha akatushonea sote makatambuga, viatu vya tairi. Kila Jumapili nilimfunga njuga. Mkanda ulisogea tundu moja, halafu jingine. Wiki moja kabla ya mashindano ulifika tundu la zamani. Nililia pale pale uwani, kwa furaha, wala sikujificha.

"Wabeja, Mama Esta," akaniambia. Ndiyo asante yetu Wasukuma.

Siku ya mashindano alicheza kama zamani. Lakini upande wa Bagalu, Thobias hakucheza. Alikaa tu, anahema. Ngoma ilipotulia, akatujia polepole.

"Masele, yaishe," akasema. "Nimekukosea nini? Najua ni wewe uliyeniroga."

Akavuta suruali juu. Mguu ulikuwa umevimba, kifundo hakionekani.

Watu wakasogea, wakingoja ugomvi. Masele akachutama, njuga zikalia. Akabonyeza ule mguu kwa kidole gumba, akaondoa kidole, akalitazama shimo.

"Kesho asubuhi nakupeleka kwa dresa," akasema mume wangu. "Lakini niambie kwanza, Thobias. Nyumbani kwako una choo?"