Mlango wa Nyuma

Ijumaa asubuhi soko la samaki la Matrah, Maskati, halina adabu. Watu wanasukumana, maji ya barafu yanaingia viatuni. Hapo ndipo Aika, Mchaga aliyefanya kazi saluni moja ya Azaiba, alipobeba mfuko usio wake. Mwenyewe alimfuata hadi nje.

"Dada, huyo jodari ni wa bosi wangu. Ukienda naye, mchana nitapikwa mimi."

Aika akamtazama. Shati jeupe, ndevu zimechongwa, Kiswahili cha Nairobi.

"Nyie Wakenya hata samaki mnadai kwa fujo."

"Na nyinyi Watanzania hata wizi mnafanya kwa upole."

Aliitwa Josphat, dereva wa familia moja ya Mabela. Aliomba namba, akapewa.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa alasiri walizunguka mji kwa kigari chake kikuukuu. Walikwenda Ruwi kutazama vitambaa. Walipita Mabela, nyumba mpya zimejipanga kwenye vumbi. Aika alivaa gauni refu la kitenge na kujifukiza udi. Josphat alishuka kila mara, akamfungulia mlango wa nyuma. Aika akaingia. Mwanzoni aliona ni heshima.

"Heshima gani?" Theodora, mwenzake wa saluni, alimcheka. "Huyo ana mtu wake wa kukaa mbele."

Maneno hayo yalimkaa. Walipokuwa njiani kwenda Quriyat, milima pande zote, Aika akauliza:

"Josphat, una mke Kenya?"

"Sina."

"Hapo mbele anakaa nani?"

Josphat akacheka, akidhani ni utani.

"Nirudishe Azaiba," Aika akasema.

Hakupokea simu zake tena. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na Balqis, mwenye saluni, alitaka jibu: anaongeza au anakwenda kwao? Aika akasema anakwenda. Akakatiwa tiketi.

Theodora ndiye aliyempasha Josphat habari. Mchana uleule akapiga simu. Safari hii Aika alipokea, mkono mmoja ukiwa kwenye nywele za mteja.

"Mpenzi, kosa langu nini?"

"Umenizungusha Maskati nzima nimekaa nyuma kama kikapu. Unaona aibu kuonekana na mimi?"

"Aika, tangu nije huku nafungulia wanawake mlango wa nyuma. Mama mwenye nyumba, binti zake, mpaka yaya. Mwanamke hakai mbele na dereva. Mkono umezoea tu."

"Kwa hiyo na mimi ulikuwa kazini?"

"Mkono ulikuwa kazini. Mimi sikuwa."

Aika akauma mdomo asicheke.

"Usiende," Josphat akasema. "Nataka kukuoa."

"Unaniposa kwa simu?"

"Niko hapa mlangoni. Si mmeandika wanaume hawaingii?"

Aika akasogeza pazia. Kweli alikuwa pale juani, shati limelowa mgongoni, simu sikioni. Balqis akazima mashine ya kukaushia nywele ili asikie vizuri.

"Likizo yako lini?" Aika akauliza.

"Nikiomba, napewa hata mwezi huu."

"Basi omba. Mimi tiketi yangu sirudishi. Kata ya kwako, uje Machame umwone baba. Kwake binti haposwi kwa simu."