Jogoo Aliyekwenda Mbeya na Kurudi

Kila asubuhi Mzee Liberatus huamka pamoja na kuku wake. Huwamwagia pumba na kuwaita mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mkewe, Benedicta, humtazama kutoka dirishani. Hushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, maana asubuhi ya Kihesa, mtaa wao wa Iringa, ina baridi.

Benedicta alikuwa muuguzi mkuu hospitalini kwa miaka mingi. Sasa amestaafu, lakini majirani bado wanamwita Matroni. Mtoto akiungua, wanambishia hodi. Bibi akizidiwa, wanambishia hodi.

Asubuhi moja walimwita kwa jambo jingine. Walinzi wa mtaa walikuwa wamemkamata mwanaume karibu na soko. Walimfunga kamba mikononi, wakamketisha kwenye umande. Mtu huyo aliitwa Lutengano. Alikuwa mkulima wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Hakuwa ameiba kitu. Alikuwa amelala juu ya magunia yake mwenyewe.

Benedicta alimfungua kamba. Mikono ya Lutengano ilikuwa imevimba. Alipopewa uji, hakuweza kushika kikombe. Benedicta alimnywesha.

"Kwa nini hamkumuuliza kwanza?" aliwauliza walinzi.

Kiongozi wao, Aroni, aliinamisha kichwa. "Matroni, nani alitufundisha kuuliza? Sisi tulipewa filimbi na rungu. Basi."

Maneno hayo yalimkaa Benedicta kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi uliofuata alikwenda ofisi ya kata kugongesha muhuri. Kwenye ubao wa matangazo aliona karatasi mpya. Baraza la Taaluma ya Ulinzi wa Jamii lilikuwa linatafuta mwenyekiti wa bodi yake. Baraza hilo hupanga namna walinzi wa mitaa wanavyofundishwa, na maadili wanayopaswa kuyafuata. Ofisi yake iko Mbeya.

Benedicta aliisoma karatasi mara mbili. Kisha akaondoka zake.

Jioni alimsimulia jirani yao, Alisha. Alisha ni afisa utumishi. Kazi yake ni kuajiri watu, kwa hiyo mambo ya barua na usaili anayajua vizuri.

"Umeomba, Matroni?"

"Niombe nini, mwanangu? Hicho ni kiti cha polisi. Mimi nimeshika sindano, sijashika bunduki."

Alisha alicheka. "Bodi haikamati wezi, Matroni. Mkurugenzi na watumishi ndio wanaofanya kazi ya kila siku. Bodi inawaonyesha njia, kisha inawauliza: mmefika wapi? Mwenyekiti anaongoza mazungumzo. Anahakikisha mwenye sauti ndogo naye anasikika. Tena wanataka mtu asiyetoka polisi, ili aulize maswali ambayo wenyewe wamezoea kutojiuliza."

"Lakini vyeo hivi si vina wenyewe?" aliuliza Mzee Liberatus kutoka mlangoni. "Bila kujuana na mtu, barua inaishia kufungia maandazi."

"Ndiyo maana wametangaza, baba. Kila mtu aone, kila mwenye sifa aombe."

Benedicta aliandika barua. Aliandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mcha Mungu. Alisha aliisoma akatikisa kichwa.

"Hata mvivu anaandika hivi, Matroni. Waeleze ulichofanya. Ulikuta nini, ukabadilisha nini?"

Basi Benedicta akaanza upya. Alieleza jinsi wauguzi wake walivyokuwa wakificha makosa kwa kuogopa adhabu. Alieleza jinsi alivyowaketisha kila Jumatatu waseme makosa yao bila kutukanwa, na jinsi makosa yalivyopungua. Aliandika pia habari za kamba na mikono ya Lutengano. Alitaja watu wawili wanaoweza kumsemea. Kisha akatuma.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Aliitwa Mbeya kwenye usaili. Barua ilitaja majina ya wasaili watatu: Mama Andendekisye, Bwana Fanueli na Bwana Saulo. Chini yake iliandikwa: "Kama una uhusiano na msaili yeyote, tujulishe."

"Mimi siwajui," alisema Benedicta.

Mzee Liberatus aliyasoma majina. Alifikia la mwisho, akatabasamu. Kisha akatoka kwenda bandani kwa kuku wake.

Siku ya safari alitokea na kapu. Ndani ya kapu kulikuwa na jogoo wake mwekundu, yule aliyempenda kuliko wote.

"Huyo naye anakwenda kwenye usaili?" aliuliza Benedicta.

"Nampelekea binamu yangu pale Uyole, Mbeya. Mkono mtupu haulambwi, mke wangu."

Benedicta hakushangaa. Tangu walipooana, hajawahi kumwona mumewe akiingia nyumba ya mtu bila kubeba kitu. Ndivyo alivyolelewa.

Walifika Mbeya alasiri. Mzee Liberatus alitoka na kapu, akarudi nyumba ya wageni bila kapu. Alikuwa anaimba.

Asubuhi, wakinywa chai, alishindwa kujizuia.

"Kula vizuri, Matroni. Leo hutatetemeka. Yule Saulo ni mtu wangu! Tulichuma chai pamoja Igowole tukiwa vijana. Jana nilikwenda kwake. Sikumkuta, lakini mkewe alimpokea jogoo. Nikamwambia, 'Mwambie Saulo, shemeji yake anakuja kesho.'"

Benedicta aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika.

"Liberatus. Umefanya nini?"

"Nimetoa salamu! Mtu haendi kwa mkubwa na mikono mitupu. Hata posa yako, si nilianza na jogoo?"

"Baba yangu hakuwa msaili!"

Alimpigia simu Alisha. Alisha alisikiliza mpaka mwisho.

"Matroni, msaili akipokea kitu kutoka kwa mwombaji, hata kuku, hawezi tena kumpima sawa na wengine. Na wewe hutajua kama umepata kiti kwa uwezo wako au kwa jogoo. Ukiingia tu, kabla hujaulizwa, sema."

"Wakinifuta?"

"Huenda wakakufuta. Siwezi kukudanganya."

Benedicta alikata simu. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Jogoo huenda alikuwa sufuriani tayari. Na kiti kile alikitaka. Alikitaka kwa ajili ya Aroni na filimbi yake, na kwa ajili ya mikono ile iliyoshindwa kushika kikombe. Lakini angewezaje kuwafundisha walinzi kusema kweli, ikiwa yeye ameingia kwa mlango wa kuku?

Mzee Liberatus alikuwa anafuta chai mezani kwa leso yake. Alionekana mdogo ghafla.

"Nilitaka kukusaidia," alisema.

"Najua, baba Clement," alijibu Benedicta kwa upole. Clement ni mtoto wao wa kwanza. "Twende."

Wasaili watatu walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu. Mama Andendekisye, aliyekuwa katikati, alimkaribisha kiti. Benedicta hakukaa.

"Samahanini. Kabla hamjaanza, nina jambo. Jana mume wangu alipeleka jogoo nyumbani kwa Bwana Saulo. Waliwahi kufanya kazi pamoja. Mimi nimejua leo asubuhi. Sikumtuma, lakini ni mume wangu na usaili ni wangu. Mkiona sifai kuendelea, nitaelewa."

Kabla hajajibiwa, nyuma ya mlango wa stoo, jogoo aliwika.

Bwana Fanueli aliziba mdomo kwa karatasi. Mabega yalimcheza kwa kicheko.

Bwana Saulo alisimama. "Mama, nilirudi nyumbani jana nikamkuta jogoo kafungwa kwenye mguu wa meza. Saa moja asubuhi hii nilimleta kwa katibu, akaandikwa. Niliwaambia wenzangu kwamba sitakusaili. Nilikuwa nangoja tu kukuona uso, kisha nitoke. Msalimie Liberatus. Mwambie bado namkumbuka, ila jogoo anarudi Iringa."

Alitoka. Msaili mwingine akachukua nafasi yake.

"Sasa kaa, Mama Benedicta," alisema Mama Andendekisye. "Jogoo ameshasailiwa. Ni zamu yako."

Wakamuuliza mengi. Moja lilikuwa hili: "Mkurugenzi anakuletea taarifa. Walinzi mia mbili wamemaliza mafunzo. Unafanya nini?"

"Nitampongeza," alisema Benedicta. "Kisha nitamuuliza, wamebadilika nini? Wodini, mgonjwa kumeza dawa siyo mgonjwa kupona. Nitaomba kuwasikia wananchi waliokutana na walinzi hao. Na kama mkurugenzi hataki maswali yangu, nitamuuliza faraghani anaogopa nini. Watu wengi huficha kwa sababu ya hofu, si kwa sababu ya ubaya."

Bwana Fanueli aliacha kucheka. Aliandika kwa muda mrefu.

Nje, Mzee Liberatus alikuwa amekaa kwenye benchi. Katibu alimpa kapu na karatasi ya kutia sahihi: "Nimerudishiwa jogoo mmoja, mwekundu, akiwa hai." Alitia sahihi taratibu. Safari nzima ya kurudi alimpakata jogoo wake. Walipofika Makambako akauliza kwa sauti ndogo, "Nimekuharibia?"

"Sijui bado," alijibu Benedicta. "Lakini nimesema ukweli. Nitapata usingizi."

Simu ilipigwa wiki mbili baadaye. Alikuwa anamfunga bandeji mtoto wa jirani. Alisikiliza, akasema "Asante" mara tatu, akamaliza kufunga bandeji. Kisha akakaa chini kwenye kizingiti na kulia. Alikuwa amepata kiti.

Leo walinzi wa Kihesa wamepitia mafunzo ya wiki sita. Lutengano alialikwa darasani, akawaonyesha alama za kamba mikononi mwake. Aroni aliomba radhi mbele ya wote. Siku hizi, akimkuta mtu asiyemjua sokoni, huanza kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene. Habari za safari? Naomba nikuulize."

Na ofisini Mbeya kuna daftari la zawadi. Kila anayepewa kitu huandika humo, kuanzia mwenyekiti hadi mfagizi. Ukurasa wa kwanza unasema: jogoo mmoja, mwekundu, amerudishwa.

Benedicta alipokuwa anakwenda kikao chake cha kwanza, Mzee Liberatus alimsindikiza mpaka stendi. Basi lilipokuwa linaondoka, alisimama karibu na dirisha la mkewe, akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi.

"Mitupu!" alipaza sauti, huku abiria wakimshangaa. "Matroni, tazama! Mitupu kabisa!"