Swali Lililoondolewa Kwenye Kipozaunga

Kiganja kilipogusa kioo, kipozaunga, mashine ya kuwagawia mateja heroini, kilisoma damu, kikasikiliza moyo, kisha kikatoa unga safi kwa kipimo cha mtu huyo: usiopungua hata akapatwa na arosto, yale maumivu ya kuukosa, wala kuzidi hata akafa. Tangu sheria iache kuwafunga watumiaji, mateja wa Moshi hawakuokotwa tena mitaroni.

Aliyekibuni ni mhandisi Proskovia Massawe, kwa ajili ya mdogo wake Kandidus. Jamani, alikuwa amechoka! Kumtoa rumande, kumfulia mashuka yenye matapishi, kuuza masofa ili alipe alichoiba. Yote hayo yalikuwa yamemmaliza.

Asubuhi hiyo alimwomba paroko wao, Padre Eligi, abariki kipozaunga kipya kando ya uzio wa kanisa. Huko gari jipya hubarikiwa, duka hubarikiwa, hata mashine ya kukoboa kahawa. Padre alikuja na maji ya baraka, akawanyunyizia mateja kwenye foleni, mmoja mmoja. Mashine akaipita.

"Padre, umesahau."

"Sijasahau, mwanangu." Aliketi kwenye msingi wa uzio, akikanda goti. "Kuacha kumfunga mgonjwa ni haki. Nilihubiri hivyo, jumuiya nzima ikaninunia. Lakini unga unamharibia mtu mwili na akili alivyopewa na Mungu. Sheria imeondoa kifungo, haijaondoa ubaya wake. Siwezi kubariki chombo kinachompa unga huo."

"Asipopewa atakufa!"

"Najua. Nimewazika mimi. Ndiyo maana sikuambii ukibomoe." Padre alisimama, akachukua maji yake ya baraka. "Ila kukibariki, hapana, Proskovia."

Kandidus alikuwa mwisho wa foleni, shati limepigwa pasi, mashavu yamejaa kidogo.

"Dada, umekuja kuona mashine au kuniona mimi?"

"Usianze, Kandi."

"Zamani nikikamatwa ulikuja kituoni na chupa ya chai. Unanitukana weee, huku unalia, unaniuliza nitaacha lini. Siku hizi mashine inakutumia ujumbe kwenye simu kwamba niko hai, basi, yameisha. Hata ninapolala hupajui. Na hiki kipozaunga chako hakiulizi kitu."

"Mwanzoni kilimuuliza mtu kama anataka kuacha; swali hilo nililiondoa makusudi. Watu waliaibika, wakawa wanakimbia."

"Mimi nilikuwa nalisubiri."

Proskovia aliumia, akashindwa kumtazama. Ni kweli, alikuwa amefurahi kupata chombo cha kumwangalia ndugu yake ili yeye apumzike. Foleni ilisogea mpaka ikafika zamu ya Kandidus, naye akasimama pale pale.

"Kandi," Proskovia alisema, "unataka kuacha?"

Kandidus alitazama kioo, akamtazama dada yake.

"Leo sijui," alisema. "Niulize kesho."

Akaweka kiganja.

Proskovia alifumba macho. Kesho alikuwa na kikao, keshokutwa safari ya Dodoma, na mwili mzima ulikuwa unamwomba akalale.

"Kesho," akauliza, "unakuja saa ngapi?"