Sura Iliyozikwa Zizini

Haya yalimpata jirani yetu wa mtaa wa Iftin, na ukipita kwake leo atakumiminia chai kana kwamba hakuna lililotokea. Jina lake Ugbad. Asubuhi ile alifua nguo, akawanywesha mbuzi, kisha akaenda kliniki na mimba yake ya miezi saba.

Daktari Bare alimwekea kiganjani kitu cha plastiki nyeupe kisichozidi kikombe cha kahawa. Ilikuwa sura ya mtoto. Macho yamefumbwa, na mdomo wa juu umepasuka mpaka puani.

"Ndiye huyu," daktari alisema. "Mashine imeichapa kutokana na zile picha za tumbo. Mdomo unashonwa, mama, akifikisha miezi michache. Nenda nayo nyumbani waione, wamzoee kabla hajafika."

Ugbad aliitia mkobani, akaona haya hata kumtazama bawabu. Mtoto wa Ruweyda, nyumba ya tatu kutoka kwake, alizaliwa na mdomo kama huo. Na ni Ugbad huyu huyu aliyewaambia wanawake harusini kwamba mama hapewi mtoto wa hivyo bure, lazima kuna alilolifanya. Ruweyda alisikia. Tangu siku hiyo hupita amemfunika mtoto uso kwa shuka.

Sasa mama mkwe, Sharifo, alikuwa njiani kutoka Sangailu kuja kumsubiri mjukuu.

Kuitupa jalalani Ugbad hakuweza, maana ni sura ya mtu. Basi baada ya adhuhuri, watu wakiwa wamejilaza joto lipungue, alifanya kama wanavyofanyiwa watoto wanaozaliwa wamekufa. Alikata kitambaa cheupe, akaifunga. Akachimba kwenye kona ya zizi la mbuzi, akailaza ubavu wa kulia, uso ukielekea Kibla. Akafukia, akaukanyaga udongo mwekundu kwa ndala zake.

Tumboni mtoto alipiga teke moja. Kisha akatulia.

Sharifo alifika alasiri, na cha kwanza alichokiona ni mbuzi. Wote kumi na mmoja walikuwa wamejibana upande mmoja wa zizi, wakiitazama kona tupu. Ugbad alisema labda kuna nyoka.

Siku ya pili mtoto hakucheza. Ugbad alikunywa maji ya sukari, akalala ubavu, akajipapasa tumbo. Kimya. Kliniki ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, ila daktari angeuliza ile sura iko wapi, na aibu ikamfunga miguu. Hebu fikiria, mtoto hachezi na mama anaogopa kuulizwa.

Siku ya tatu, saa ile ile ya joto, alikwenda zizini. Akasimama. Akasikiliza.

Pumzi. Fupi fupi. Za mtu aliyefunikwa uso.

"Umezika nini hapo?" Sharifo alinong'ona nyuma yake.

Ugbad alisema yote, mpaka yale maneno ya harusini. Alingoja kukaripiwa. Mama mkwe hakukaripia, na hilo lilimchoma zaidi.

"Umemzika mtoto aliye hai," alisema. "Mfukue."

Alifukua kwa mikono. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kwa ndani. Macho bado yamefumbwa. Lakini mdomo, ambao kliniki ulikuwa plastiki tupu isiyo na tundu, sasa ulikuwa wazi. Umejaa udongo.

Ugbad aliingiza kidole kidogo akaanza kuutoa. "Nisamehe, hooyo," alisema chini chini, kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe. "Nisamehe." Kidole kilizama mpaka pingili ya pili. Ndani kulikuwa na joto.

Tumboni, teke.

Mimba ilipotimia miezi tisa alizaliwa mvulana, mdomo umepasuka kama ilivyoonyesha ile plastiki. Akaitwa Abdiqani. Mkunga alimpangusa kinywa kwa pamba, akasita, akaisogeza pamba dirishani.

"Abaayo, dada yangu," alinong'ona, "huyu amekula nini huko ndani?"

Ulikuwa udongo mwekundu, na unyoya mmoja wa mbuzi. Ugbad aligeuza uso ukutani.

Abdiqani alishonwa, akapona vizuri. Hata kabla ya kushonwa, Sharifo alimzungusha Iftin nzima uso wazi, akimwonyesha kila mtu. Kila Ijumaa Ugbad huvaa jilbabu akamwombe Ruweyda radhi. Hufika mlango wa tatu. Humsikia Ruweyda akimbembeleza mwanawe ndani. Hurudi bila kubisha hodi.

Na kila alfajiri, juu ya mto, karibu na kinywa cha Abdiqani, hukuta udongo mwekundu kidogo, mbichi, kiasi cha kujaza kisoda. Nyumbani kwake hajamwambia mtu. Huupangusa kwa ncha ya shungi kabla Sharifo hajaamka kuswali, akautikisa nje ya dirisha.