Simu Isiyoogopa Maji

Mwili wa Rugamba ulikutwa asubuhi huko Masaka, pembezoni mwa Kigali, ndani ya tangi la maji ya mvua, nyuma ya nyumba aliyokuwa akiijenga. Polisi waliuopoa, wakaulaza juu ya turubai, na hapo hapo simu iliyokuwa mfukoni mwa shati la marehemu ikaanza kuita.

Wote walirudi nyuma. Inspekta Mukunde peke yake alisogea mbele.

Mukunde alikuwa mtu wa kuuliza hata yasiyomhusu, tabia iliyomgombanisha na mashangazi zake wote kabla haijampatia kazi. Alivaa glavu, akaichomoa ile simu. Ilikuwa nyembamba mno, nyeusi, yenye kuteleza. Imelala majini usiku kucha, na bado kioo chake kinawaka. Jina lililokuwa likipiga lilikuwa Gwiza, mke wa marehemu.

"Hii ndiyo ile isiyoingia maji," alisema Mugenzi, mtaalamu wa vielelezo vya kidijitali, na wivu ukasikika sautini.

Simu ya Mukunde mwenyewe ilikuwa nene, ina ufa, imevalishwa mpira. Alimwuliza Mugenzi kama hiyo nyembamba inafaa kununua.

"Uzuri wake, nyepesi, picha zake safi, na maji hayaiwezi," Mugenzi alijibu. "Ubaya wake ni wembamba huo huo, afande. Betri ndogo, haikai na chaji. Ukiikalia inapinda. Na vidole vikilowa, kioo hakikusikii kabisa."

Aliyeukuta mwili ni Silvère, fundi mwashi kutoka Bujumbura. Alieleza kwamba mvua ya jana iliwafukuza kazini mapema, wakamwacha tajiri wao akingoja itulie. Mukunde alimwuliza kama aliwahi kuiona simu hii.

"Tajiri alikuwa anaizamishaga humu humu, afande. Anaitoa, anapangusa na shati, anapiga. Iko sawa tu."

Haikuwa ajabu. Rugamba alikuwa na duka la simu Rwezamenyo, yeye na mshirika wake Cyriaque. Kila simu mpya ikiingia, Rugamba alijirekodi video akiwaeleza wateja uzuri wake, kisha ubaya wake. Watu walimwamini kwa sababu ya hiyo nusu ya pili.

Ndani ya simu kulikuwa na ujumbe uliotumwa kwa mkewe jioni ya jana: *Gwiza, nimechoka. Nisamehe. Usinitafute.*

Kila mmoja akaona kazi imekwisha. Mtu amejiua, basi. Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuta jeraha kisogoni, lakini akasema hata ukingo wa zege wa tangi ungeweza kulisababisha.

Mukunde alimkuta Gwiza nyumbani kwake Kagarama, amekaa sakafuni na simu yake mapajani. Hakulia. Alisimulia kwa sauti kavu kwamba asubuhi ya jana waligombana, na kwamba alimwambia mumewe akaoe simu zake. Jioni ujumbe ukaja. Alijibu pale pale.

Alimwonyesha Mukunde jibu lenyewe: *Rudi nyumbani. Yameisha. Na mimi nisamehe.* Pembeni yake kulikuwa na tiki mbili za bluu.

"Alilisoma, afande," Gwiza alisema. "Alilisoma jibu langu, halafu akaingia majini. Hilo ndilo siwezi kulibeba."

Mukunde alishika njia ya kutoka, akageuka. Tabia ni tabia. Aliuliza nani mwingine anayejua namba ya siri ya simu ya Rugamba. Gwiza alisema ni yeye na Cyriaque, kwa kuwa simu hiyo ndiyo wateja wa duka waliyopigia.

Alipofika ofisini alimkuta Mugenzi amenuna. Simu ilikuwa imekata chaji, kama alivyotabiri, na waya wa chaji ulikataa kuingia. Alikuwa akichungulia tunduni kwa kurunzi na kioo cha kukuzia. Alipitisha kibano, akavuta kitu kidogo cheupe, akakiweka juu ya karatasi.

Kilikuwa kipande cha punje ya mchele.

Mukunde alikitazama mpaka chai yake ikapoa. Alimpigia Gwiza. Je, Rugamba aliwahi kuiweka simu yake kwenye mchele?

Gwiza nusura acheke. Alisema mumewe aliwatania wote wanaozika simu iliyolowa ndani ya mchele ili ikauke, na kwamba simu ya mumewe yeye mwenyewe huiosha bombani kila mtoto anapoipaka uji. Jana asubuhi Rugamba aliichaji hapo nyumbani, na waya uliingia bila shida.

Basi mchele uliingia baada ya hapo. Mtu aliitoa simu majini, akaikausha kwenye mchele, akaandika ujumbe, akairudisha mfukoni mwa maiti. Rugamba hakuandika chochote. Na Silvère alipopigiwa, alisema jikoni kwa mafundi kweli kuna gunia la mchele, na mlango wake haufungwi.

Lililomsumbua Mukunde ni jingine. Namba ya siri waliijua wawili. Mmoja ni mke anayeiosha simu bombani. Mwingine ni muuzaji, ambaye kila siku huwaapia wateja kwamba haingii tone. Kwa nini muuzaji aogope maji?

Alitaka kujua. Alitaka kujua kwa namna ile iliyowaudhi mashangazi.

Cyriaque alimpokea dukani Rwezamenyo kwa heshima zote. Alimpa kiti, akamweleza alivyomlilia rafiki yake tangu asubuhi. Jana jioni, alisema, alikuwa hapo hapo dukani. Juu ya kaunta kulikuwa na bilauri ya maji ambamo Rugamba alizoea kuchovya simu mbele ya wateja.

Mukunde alisifu simu nyembamba zilizopangwa kabatini. Aliomba kuiona moja. Cyriaque akafungua boksi, akaiwasha, akamkabidhi. Mukunde akaitumbukiza ndani ya bilauri.

Cyriaque aliruka. Alizamisha mkono, maji yakamwagika kaunta nzima, akaitoa simu akiikung'uta na kuifuta kwa shati lake jipya.

"Utaiua, afande."

"Kwenye boksi imeandikwa haifi."

Kioo mkononi mwa Cyriaque kilipiga mistari ya kijani, kikazimika.

"Ya Rugamba ililala majini usiku mzima ikaamka ikiita," Mukunde alisema. "Hii haikumaliza dakika. Zina tofauti gani?"

"Labda hii ni mbovu."

"Nichovye nyingine?"

"Oya, usichovye. Tafadhali."

"Jana jioni ulikuwa wapi, Cyriaque?"

"Nimesema, dukani."

Mukunde alifungua karatasi, akaweka kaunta ile punje ya mchele. Alimweleza ilikotoka. "Kigali nzima, anayeogopa simu hizi kulowa ni wewe tu. Kwa nini?"

Cyriaque alikaa kwenye kiti alichokuwa amempa mgeni.

Alisema ile ya Rugamba ilitoka mzigo wa kwanza, mzima. Mzigo wa pili ni simu zilizotumika, zikafunguliwa na kufungwa upya bila mpira unaozuia maji. Yeye alijua, Rugamba hakujua, mpaka wateja walipoanza kurudi na simu zilizokufa kwenye mvua.

"Aliniita Masaka. Akasimama pale tangini akirekodi video. Uzuri akaumaliza. Akasema ubaya, safari hii, ni sisi wauzaji. Akanitaja kwa jina. Nilitaka kumnyang'anya simu tu, afande. Nikamsukuma. Akapiga kisogo ukingoni, akaanguka ndani na simu yake."

"Ukashuka?"

"Kuna ngazi. Nilishuka."

"Alikuwa hai?"

Cyriaque alitazama maji juu ya kaunta. "Sikumwangalia. Nilitafuta simu."

Kioo kilikuwa kimelowa, hakikumsikia, akadhani imekufa kama zile zake. Ndipo akakimbilia mchele, kwa mazoea na kwa hofu. Ilipomtii, alifuta video na kuandika ujumbe, maana Rugamba alikuwa amemsimulia ugomvi wa nyumbani.

"Na jibu la mke wake?"

"Liliingia nikiwa nimeishika. Nikalifungua."

Mukunde alimfunga pingu. Alikuwa na hasira kuliko ilivyomfaa ofisa wa polisi, na hakujali.

Hakusubiri kumaliza kuandika maelezo ya mtuhumiwa. Alikwenda Kagarama, akamkuta Gwiza pale pale sakafuni, naye akakaa sakafuni.

"Hakulisoma," alimwambia. "Rugamba alikuwa ameshakufa. Aliyelisoma ni Cyriaque."

Gwiza aliitoa simu mapajani, akaiweka chini.

"Kwa hiyo hakukataa kurudi?"

"Hakukataa."

Hapo ndipo Gwiza alipolia.